Mpigaji Alikuwa Gettysburg, Ngoma Haikuwapo

Ngoma yenyewe ilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio ulioleta kazi. Ingekuwa takataka iliyopakwa rangi juzi, mnunuzi angeiacha hapo ilipo na kisa kingekwisha. Lakini hii ilionekana wazi kuwa ngoma ya kijeshi ya Marekani ya karne ya 19: kiwiliwili cha ubao mwembamba uliopindwa kwa mvuke, pete mbili nyekundu za mbao, kamba iliyopishana juu na chini, na mbele yake tai amekunjua mabawa kwenye uwanja wa buluu, akiwa na ngao kifuani na mishale kwenye kucha. Chini ya tai ulipita utepe wenye maandishi. Iliuzwa na familia moja ya Pennsylvania, ikaambatana na kadi iliyopigwa taipu mwaka 1963, inayosema kwamba mzee wao aliyekuwa mpiga ngoma wa Rejimenti ya 149 ya Pennsylvania aliibeba ngoma hii kwenye pigano la Gettysburg, mji wa jimbo hilohilo, Julai 1863.

Bei nayo ilikuwa ya Gettysburg. Kwa wakusanyaji wa vitu vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya Kaskazini na Kusini, vya 1861 hadi 1865, jina hilo moja la pigano maarufu hubadilisha hesabu yote. Ngoma mbili zilizotoka karakana moja siku moja huachana mbali sana mnadani, ikiwa moja ina hadithi ya Gettysburg na nyingine haina kitu.

Kadi ile ilikuwa imefunga madai matatu kwenye fundo moja. Kwanza, hii ni ngoma ya jeshi ya wakati wa vita. Pili, ilikuwa ya Rejimenti ya 149. Tatu, ilikuwapo Gettysburg. Muuzaji huyasema yote kwa pumzi moja na mnunuzi huyalipia kwa pumzi moja, ilhali kila dai lina ushahidi wake na thamani yake. Mnunuzi aliniomba niitazame kabla hajatoa malipo ya awali, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Dai la kwanza linasikika jepesi, lakini ndilo linalowaangusha wengi. Baada ya vita ngoma za kamba hazikuacha kutengenezwa. Chama cha maveterani wa upande wa Kaskazini, Grand Army of the Republic, kilianzishwa Decatur, Illinois, mwaka 1866, kikadumu mpaka alipofariki mwanachama wake wa mwisho mwaka 1956. Mtu huyo, Albert Woolson, naye alikuwa mpiga ngoma katika kikosi cha mizinga cha Minnesota. Kwa miongo yote hiyo matawi ya chama yaliandamana, na maandamano yanataka ngoma. Nyingi zilikuwa za kamba, nyingine zenye tai, nazo leo zina umri wa kutosha kuonekana kongwe kwelikweli. Bendi za mitaa na wanamgambo wa majimbo nao walikuwa na zao. Kwa hiyo ngoma nyingi zinazotajwa kuwa za vita zilizaliwa bunduki zikiwa zimeshawekwa chini.

Nilianza na vitu vya kawaida na sikukawia navyo. Kipenyo kilikuwa kama inchi 16 na nusu, sawa na ngoma nyingi za jeshi za wakati ule. Kingo za mbao hazikuwa na dalili ya kukatwa upya. Kuna watu hupunguza urefu wa ngoma kubwa za zamani zaidi ili zifanane na za miaka ya 1860, na msumeno huacha alama. Misumari midogo ya shaba ya manjano iliyopangwa duara kuzunguka tundu la hewa haikunasa sumaku. Ngozi ya chini ilikuwa nyembamba, ya hudhurungi, yenye nyuzi za utumbo zilizokakamaa. Ngozi ya juu ilikuwa imewambwa upya, labda mwanzoni mwa karne ya 20. Hilo halikunisumbua. Ngozi ya juu ndiyo inayopigwa, kwa hiyo ndiyo inayopasuka, na ngoma iliyoendelea kutumika lazima iwambwe tena. Ningeshtuka zaidi kama zote mbili zingekuwa za awali, hazina hata kovu la fimbo.

Kamba ilikuwa mpya kuliko vingine vyote, na vibana vya ngozi vinavyoikaza vilikuwa mchanganyiko wa vya zamani na vya kubadilishwa. Tukaendelea.

Lililoamua kesi lilikuwa ndani. Ngoma hizi zina tundu dogo ubavuni la kupitisha hewa, na watengenezaji wengi walibandika lebo ya karatasi ndani, upande unaotazamana na tundu hilo, ili anayechungulia aione. Zamani watu walitumia kioo cha daktari wa meno na tochi. Siku hizi kamera nyembamba ya waya inayounganishwa na simu hupita tunduni bila kugusa kitu. Hakuna sababu ya kulegeza kamba wala kuvua ngozi ili kusoma lebo. Anayefanya hivyo anaweza kuichana ngozi iliyokaa miaka 160, na isirudi tena.

Picha ilipotulia, herufi zikajitokeza: Ernest Vogt, mtengenezaji wa ngoma, Namba 225 Beaver Street, Philadelphia. Chini yake mstari ambao muuzaji hakuwahi kuusoma, kwa sababu hakujua kama upo: mkataba wa Desemba 29, 1864, ngoma 1,500.

Hapo dai la tatu likafa. Mapigano ya Gettysburg yalianza Julai 1 na kwisha Julai 3, 1863. Mkataba ulioandikwa kwenye lebo ulitiwa saini karibu miezi 18 baadaye, na ngoma zenyewe zikatoka karakana baada ya hapo. Lebo haiwezi kutaja mkataba ambao haujafungwa.

Hadithi za wapiga ngoma zina ugonjwa huu wa tarehe tangu zamani. John Clem, mtoto maarufu kuliko wote waliopiga ngoma katika vita vile, alisimuliwa kwamba kombora lilivunja ngoma yake kwenye pigano la Shiloh, Aprili 1862. Rejimenti anayojulikana nayo, ya 22 ya Michigan, iliundwa miezi kadhaa baada ya Shiloh. Clem alikuwa mtu halisi na utumishi wake ulikuwa halisi, hata akastaafu jeshini mwaka 1915 akiwa jenerali, lakini kalenda haikubaliani na kombora lile. Watu humpenda mtoto mwenye ngoma, basi humpeleka kila mahali palipotokea jambo kubwa.

Mnunuzi alikuwa na swali la haki: je, lebo haiwezi kuwa ya kughushi? Lebo za Vogt zinajulikana, picha zake zimesambaa, na mtu mwenye printa anaweza kuchapa moja jioni hii. Ila anayeghushi kwa ajili ya faida hachagui lebo inayoua hadithi yake mwenyewe. Hata hivyo tuliikagua. Kamera ilipokaribia, kingo za herufi zilionekana zimejaa wino mzito uliosukumwa ndani ya karatasi, kama chapa ya herufi za madini ya risasi inavyofanya. Hapakuwa na vinukta vidogo vya printa wala vya picha iliyochapwa upya. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai pamoja na mbao iliyoizunguka. Kona moja ilikuwa imebanduka, na chini yake mbao ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, maana yake karatasi iliikinga na vumbi kwa muda mrefu sana. Kivuli cha namna hiyo hakitengenezwi kwa wiki mbili.

Kwa hiyo lebo ile ile iliyoua dai la tatu ililithibitisha la kwanza. Hii si ngoma ya gwaride la maveterani. Ni ngoma iliyotengenezwa kwa mkataba wa serikali wakati vita vikiendelea, na mtengenezaji wake anajulikana kwa jina na mtaa. Wakusanyaji wengi wangefurahi kuishia hapo.

Likabaki dai la pili, na hapa mambo yalipendeza zaidi.

Utepe ulio chini ya tai kwenye ngoma za aina hii kwa kawaida huwa na maneno ya Kiingereza ya kutaja rejimenti ya askari wa miguu wa Marekani, na kabla ya maneno hayo nafasi huachwa wazi ili namba ya kikosi ijazwe. Nyingi hazikujazwa kamwe. Hii ilikuwa na namba: 149. Mtu mwenye haraka angesema hiyo tu ni dosari, kwa kuwa rejimenti za jeshi la kudumu la Marekani wakati wa vita ziliishia 19, na 149 ilikuwa ya watu wa kujitolea wa jimbo. Lakini hoja hiyo haina nguvu. Ngoma za mkataba ziligawiwa kwa watu wa kujitolea vilevile, na maneno ya utepe yalikuwa ya mchoraji wa karakana. Anayeijaza nafasi kambini hujaza namba yake.

Tatizo lilikuwa rangi. Nilizima taa nikawasha ya urujuanimno. Vanishi ya zamani iliwaka kwa mng'ao hafifu uliosambaa juu ya tai, nyota na utepe wote bila kukatika, isipokuwa mahali pamoja. Namba 149 ilikaa juu ya mng'ao huo kama kisiwa cheusi. Yaani mtu aliiandika vanishi ikiwa tayari imezeeka. Kwa kioo cha kukuza ikaonekana zaidi: rangi ya zamani ilikuwa na nyufa nyembamba zilizosambaa kama matope yaliyokauka, na pale zilipopita chini ya tarakimu ya 4, rangi ya namba ilikuwa imetiririka ndani ya ufa na kuujaza. Kama namba ingeandikwa mwaka 1865, ingepasuka pamoja na utepe. Badala yake ilizikuta nyufa zimeshakuwapo.

Mnunuzi alitaka kipimo kisichobishiwa, tukapata mtu mwenye mashine ya eksirei ya mkononi inayosoma madini bila kukwangua. Kwenye utepe ilisoma madini ya risasi, kama inavyotarajiwa kwa rangi za wakati ule. (Risasi ni sumu, ndiyo sababu ya kunawa mikono baada ya kushika ngoma hizi.) Kwenye namba ilisoma titani kwa wingi. Rangi nyeupe ya titani ilianza kutengenezwa viwandani katika miaka ya 1910 na kuenea katika miaka ya 1920. Mpiga ngoma aliyekuwa kijana mwaka 1863 angekuwa mzee sana wakati huo, kama angekuwa hai.

Sasa kulikuwa na kishawishi cha kusema familia imedanganya. Wenzangu kadhaa wangesema hivyo na kufunga faili. Mimi nilitaka kwanza karatasi za mtu mwenyewe, kwa sababu namba iliyoandikwa baadaye inaweza bado kuwa namba ya kweli.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, Washington, ina kumbukumbu za utumishi za askari wa kujitolea na mafaili ya pensheni. Za mzee huyu zilipatikana. Alijiunga na Rejimenti ya 149 mwaka 1862 akiwa mwanamuziki wa kombania, neno ambalo kwenye orodha za jeshi lilimaanisha mpiga ngoma au mpiga filimbi. Kila kombania ya askari wa miguu ilikuwa na wawili. Orodha inayogusa Julai 1863 inamwonyesha yupo kikosini. Aliachiliwa pamoja na wenzake Juni 1865. Katika faili la pensheni analalamikia masikio na mgongo, na mashahidi wake wanaeleza vizuri tu. Kuhusu ngoma hakuna neno.

Basi alikuwa Gettysburg, kwa ushahidi wa karatasi za serikali. Na rejimenti yake haikuwa ya kutazama kwa mbali. Siku ya kwanza ya mapigano ilikuwa karibu na shamba la McPherson, kando ya barabara ya Chambersburg, askari wake wakiwa na mikia ya paa kwenye kofia, na ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Wapiga ngoma wakati wa mapigano mara nyingi walitumwa kubeba majeruhi na kusaidia madaktari. Mvulana yule alikuwa na ngoma nyingine, na haishangazi kwamba ngoma ya Julai 1863 haikufika mwisho wa vita. Mbao ile ni nyembamba, ngozi huchanika, na jeshi lilitembea kwa miguu.

Kisha kikaja kipande nilichokipenda kuliko vyote. Februari 1865 Rejimenti ya 149 iliondolewa kwenye mstari wa mbele Virginia ikapelekwa Elmira, New York, kulinda kambi ya wafungwa wa Kusini, na huko ikamalizia vita. Ngoma za mkataba wa mwishoni mwa Desemba 1864, zilizotengenezwa Philadelphia, zilikuwa zikiingia kwenye bohari za jeshi katika miezi hiyohiyo. Kikosi kilichochakaa, kikitulia kwenye kambi ambako siku nzima iliongozwa kwa mlio wa ngoma, kingehitaji ngoma mpya. Inawezekana kabisa kwamba mzee aliipiga hii Elmira na kurudi nayo nyumbani. Inawezekana pia kwamba aliinunua miaka kumi baadaye, jeshi lilipokuwa likiuza mabaki yake. Mpaka sasa hakuna karatasi inayochagua kati ya hayo mawili, na mimi siwezi kuchagua kwa niaba yake.

Mnunuzi alirudi kwa muuzaji, mama wa miaka themanini na kitu, kitukuu cha mpiga ngoma. Alimweleza habari ya namba kwa tahadhari, akiogopa kumvunjia heshima. Mama hakushangaa hata kidogo. "Baba ndiye aliyeiandika," alisema. "Alikuwa mchora mabango. Aliiandika mwaka ule wa sherehe za miaka mia, akapiga taipu na ile kadi, tukaiweka kwenye dirisha la benki watu waione." Kwa nini hakusema mapema? Hakuna aliyemuuliza. Mashine ya eksirei ilikuwa imekodiwa kwa fedha nzuri kujibu swali ambalo mama huyu alikuwa na jibu lake tangu mwanzo, na kwa maoni yangu mnunuzi yeyote angepaswa kuanzia kwake, kabla ya taa na mashine.

Jibu lake linabadilisha hukumu. Baba hakuandika namba ili auze. Aliandika namba ya rejimenti aliyoijua kuwa ya mzee wao, kwenye nafasi aliyoiona tupu, na akaunganisha ngoma na pigano kubwa kwa sababu vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja. Hilo si kughushi. Lakini mnunuzi wa tatu au wa nne, ambaye hatakutana na mama huyu, angeiona namba na kadi na kuzichukulia kuwa ushahidi wa mwaka 1863. Ndivyo hadithi njema inavyogeuka kuwa bidhaa bovu bila mtu yeyote kusema uongo.

Mauzo yalifanyika, kwa chini ya nusu ya bei ya kwanza. Mama alikubali kwa sababu hakuhitaji kuamini neno la mtu: alionyeshwa picha ya lebo kwenye simu na tarehe akaisoma mwenyewe. Aliandika kwa mkono wake maelezo ya namba, akatia saini, na nakala za kumbukumbu za utumishi zikaambatishwa. Kadi ya 1963 ilibaki na ngoma pia. Nilisisitiza hilo. Kuitupa kungeficha chanzo cha hadithi, na siku moja mtu angeikuta picha yake ya zamani na kuanza upya kudai Gettysburg.

Mnunuzi alitaka namba ifutwe ili utepe urudi ulivyotoka kwa Vogt. Fundi mzuri wa kuhifadhi rangi angeweza kuitoa, lakini rangi imeingia kwenye nyufa, na kuifukuza humo ni kuikwangua rangi ya 1865 pamoja nayo. Isitoshe, tarakimu zile sasa zina mwandishi, mwaka na sababu, jambo ambalo tai wa Vogt hana, kwa kuwa mchoraji wake hatumjui. Mimi nilipinga na mnunuzi akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Kamba pia haikukazwa. Kila mwenye ngoma mpya hutaka kusikia sauti yake, na kila anayeikaza ngozi ya karne ya 19 anacheza kamari. Iko kwenye chumba chenye unyevu usiobadilikabadilika, karibu asilimia 50, imekaa juu ya pete yake ya chini, na hunyanyuliwa kwa mikono miwili kutoka chini bila kushikwa kamba. Kipete cheupe kilichozunguka tundu la hewa kilikaguliwa kwa kioo na kuonekana ni mfupa, kina vitundu vidogo vyeusi. Kingekuwa pembe ya ndovu, sheria ya Marekani iliyobanwa mwaka 2016 ingedai uthibitisho wa umri wakati wa kuiuza tena nje ya jimbo.

Kilichobaki ni Elmira. Kumbukumbu za idara ya ugavi ya jeshi ni nyingi na hazina faharasa ya majina, lakini bohari ziliandika vifaa vilivyotolewa na kikosi kilichovipokea. Mnunuzi ameagiza utafutaji wa stakabadhi za kambi ile kuanzia Februari hadi Juni 1865. Ikipatikana inayotaja ngoma kwa Rejimenti ya 149, dai la pili litasimama kwa miguu yake, na karatasi ya mauzo itaandikwa upya kwa kuongeza sentensi moja.